Mbona Tunampinga Anayependwa?

Mwezi Mei mwaka 2023 timu ya Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho barani Afrika. Mchezo wa kwanza ulichezwa hapa hapa Dar es Salaam tarehe 28, dhidi ya USM Alger ya Algeria. Jioni ile tulikuwa Kariakoo kumjulia hali mgonjwa. Bao la Waalgeria lilipoingia tulisikia shangwe upande wa Mtaa wa Msimbazi, shangwe ambazo zingemfanya mgeni adhani yuko Algiers. Yanga ilifungwa mabao 2 kwa 1. Siku sita baadaye ilishinda ugenini bao 1 kwa 0, lakini kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya mabao ya ugenini, na vifijo vikarudia. Miaka miwili baadaye, Mei 2025, ikawa zamu ya Simba katika fainali ya kombe hilo hilo. Ilifungwa na RS Berkane ya Morocco mabao 2 kwa 0 kule kwao, na kutoka sare ya 1 kwa 1 Zanzibar. Safari hiyo ni akina nani walioshangilia, msomaji anajua mwenyewe.

Hebu mwulize mmoja wa hao akutajie wachezaji watatu wa USM Alger. Hawajui. Timu ile haikuwahusu hata kidogo. Kilichowafurahisha ni kwamba aliyekuwa akisifiwa na nchi nzima wiki ile ameanguka, nao walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba ataanguka.

Tabia hii ndiyo tunayotaka kuzungumza nanyi mwezi huu, maana imetoka uwanjani ikaingia kwenye simu zetu, na kutoka kwenye simu imeingia jikoni, vyumbani na hata katika vikundi vyetu vya akina mama.

UTANI WA UANI

Kariakoo ni shule ya zamani ya upinzani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wakajitenga wakaunda timu nyingine, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikapewa jina la Simba. Kwa hiyo Simba yenyewe ilizaliwa kwa kutokubaliana. Makao ya Yanga yako Jangwani, ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, na ukitoka huku kwenda kule kwa miguu hujachoka. Hawa wanawaita wale vyura, kwa sababu Jangwani hujaa maji mvua ikinyesha. Wale nao wanawaita hawa mikia. Maneno ni makali, lakini watu wazima wanacheka.

Kwa nini walicheka? Sisi tunaamini ni kwa sababu ya nyumba zenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, kabla ghorofa hazijazimaliza, ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, na uani kuna bomba moja, choo kimoja na mahali pa kupikia. Mpangaji wa chumba cha kushoto ni Yanga, wa kulia ni Simba. Yanga ikifungwa, mama wa Simba ataanika kanga nyekundu kwenye kamba kuanzia alfajiri na kuimba kwa sauti akiteka maji. Lakini jioni mtoto wa jirani akipandwa na homa, ni yeye huyo atakayembeba mgongoni. Na ukitokea msiba, wanakaa kwenye mkeka mmoja, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja. Mpinzani wako alikuwa na sura, na kesho yake mngekutana bombani. Hilo liliwafundisha watu mahali pa kukomea.

Akina mama wa rika letu watakumbuka pia mipasho ya miaka ya 1990. Kundi la TOT la marehemu Kapteni John Komba na kundi la Muungano la Norbert Chenga yalikuwa yakipambana, na Khadija Kopa na Nasma Khamis wakirushiana maneno kwa nyimbo. Sisi tulikuwa wasichana wadogo, na wengi tuliolelewa katika nyumba za kanisa hatukuruhusiwa kusogea. Hata hivyo, kaseti za majirani hazikuwa na mlango. Tulijua nani kampasha nani.

Sasa tazameni jinsi mpasho ulivyofanya kazi. Mama aliyekuwa na ugomvi na mwenzake alisubiri wimbo ufike mahali panapomfaa. Kisha alisimama kwenye kiti chake, akajifunga kanga vizuri, akatembea mbele ya ukumbi mzima akiwa na noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji huku akimtazama anayemlenga. Watu wote walimwona. Kama hakuwa na haki katika ugomvi ule, walijua, na kesho mtaani walimwambia. Hatusemi lilikuwa jambo jema. Tunachosema ni kwamba lilimgharimu fedha na uso wake.

TIMU ZA KWENYE SIMU

Ulipoenea mtandao wa Instagram, hasa kuanzia mwaka 2013 na 2014, desturi hii ikapata uwanja mpya. Kukawa na Timu Diamond na Timu Kiba. Diamond Platnumz ni kijana wa Tandale, Ali Kiba ni kijana wa Kariakoo, wote ni wanamuziki hodari, na ushindani wao ungeweza kuishia kwenye muziki. Lakini angalieni mwaka 2014 peke yake. Diamond aliondoka na tuzo 7 za muziki za Kili, na katika miezi ya mwisho ya mwaka huo huo akazomewa jukwaani katika tamasha la Fiesta hapa Dar es Salaam. Sauti yake haikuwa imeharibika kati ya tuzo na tamasha. Ali Kiba alikuwa amerudi na wimbo wa "Mwana" baada ya kimya cha muda mrefu, na watu wengi walipata kitu walichokuwa wakikitafuta, yaani mahali pa kusimama ili wasiwe upande wa Diamond.

Wapo waliompenda Kiba kwa nyimbo zake, na hao hatuna neno nao. Tunazungumza juu ya yule ambaye ukimwondolea Diamond, hana la kusema juu ya Kiba.

Mtu huyu anapata nini? Kumsifu anayesifiwa na wote hakukupi cheo chochote. Wewe ni mmoja katika mamilioni, nani atakuona? Lakini ukisema, "Mimi simwoni cha maana huyu," shingo zinageuka. Kwa dakika tano unakuwa mtu aliyeona ambacho wengine hawakukiona. Kwa kijana wa miaka 15 ambaye nyumbani haulizwi maoni yake juu ya jambo lolote, dakika hizo tano ni tamu sana. Tusimcheke, maana hata mama wa miaka 40 ambaye mume wake hamwulizi kitu anazipenda.

Halafu kuna jambo la kuchekesha, ingawa halichekeshi mfukoni. Mpinzani ndiye mtazamaji mwaminifu kuliko wote. Mshabiki atasikiliza wimbo akiwa na nafasi, lakini mpinzani ataamka usiku kuutafuta ili autukane ukiwa bado wa moto. Mitandao hii huhesabu waliotazama na walioandika, na haiulizi kama umeandika kwa upendo au kwa chuki. Bando amenunua yeye, usingizi amekosa yeye, na hesabu inapanda kwa yule anayemchukia.

Sisi katika kliniki ya presha tunawaomba akina mama wakae kimya dakika 5 kabla ya kupimwa, miguu chini, mkono mezani, bila kuzungumza. Siku hizi tunaongeza: na simu mkobani. Tumeona mama amekaa vizuri kabisa, lakini kidole gumba kinakimbia na pumzi imebadilika, kumbe yuko vitani na mtu asiyemjua wa Mbagala au wa Dubai. Kipimo tunachokipata hapo hakitufai. Na mama huyo huyo akituambia halali vizuri, tunamwuliza simu inalala wapi. Mtu mzima anahitaji saa zisizopungua 7 za usingizi. Kwa wengine tunaowahoji, saa mbili kati ya hizo zimekwenda kwa wasanii.

WODINI

Hadi hapa mtu anaweza kusema ni mchezo tu. Inabidi tuwaeleze jambo tulilolishuhudia kazini. Tumeficha mtaa, umri na mwaka, na mwenyewe alituridhia tuandike.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka 2016 zilitoka habari kwamba Wema Sepetu, Miss Tanzania wa mwaka 2006, amepoteza ujauzito. Wema alikuwa amependwa mno, na kwa sababu hiyo alikuwa pia na jeshi la kumpinga. Tangu Diamond alipozaa na Zarinah Hassan wa Uganda mwaka 2015 palikuwa na Timu Wema na Timu Zari, na hata sura ya mtoto mchanga ilijadiliwa kana kwamba ni bidhaa sokoni. Habari ya Wema ilipotoka, wengi walimhurumia. Lakini wapo waliocheka. Waliandika maneno juu ya tumbo lake ambayo hatutayarudia katika gazeti linalosomwa na watoto. Waandishi wengi wa maneno hayo walikuwa wanawake, na wenye watoto. Wema mwenyewe amewahi kusema hadharani jinsi anavyoumizwa na kusemwa kwamba hazai.

Miaka kadhaa baadaye tulimpokea mama mmoja akivuja damu, mimba ya miezi minne. Hatukuweza kuiokoa. Usiku ule hakulia sana. Asubuhi tulipomletea chai alisema, "Sista, naomba unifichie simu yangu." Tulidhani anaogopa kuibiwa. Akasema hapana, tayari kuna watu wamejua, na anajua watakayoandika, kwa sababu ameyaandika yeye kwa mtu mwingine, miaka yote, neno kwa neno. Alikuwa mmoja wa viongozi wa timu iliyompinga Wema. Alikuwa na akaunti mbili zenye picha za maua. Mumewe hakujua.

Tulikaa naye. Tulimweleza yale ambayo kila mama anapaswa kuyajua: kwamba kati ya mimba zinazofahamika, asilimia 10 hadi 20 hutoka zenyewe, kwamba nyingi za hizo hutoka kabla ya wiki ya 12, na sababu kubwa ni kasoro katika chembechembe za urithi za mtoto mwenyewe. Hizo za mapema hazisababishwi na kubeba ndoo au kugombana na wifi. Kwake yeye, kwa kuwa ilikwisha fika miezi minne, daktari angetafuta sababu nyingine pia. Na kwa wale wanaotafuta mtoto bila kupata, karibu nusu ya nyakati tatizo liko pia kwa mwanaume, ingawa matusi yote huenda kwa mwanamke. Alisikiliza, kisha akauliza kama Wema naye aliambiwa hayo na nesi wake. Hatukuwa na jibu.

Aliruhusiwa siku ya tatu. Simu aliichukua akiwa getini.

KUPINGA KWENYE SABABU

Isije ikaeleweka kwamba tunawaambia akina mama wanyamaze na kumpigia makofi kila mwenye jina. La hasha. Wenye majina wanakosea, na wakikosea waambiwe. Mwaka 2021 Diamond alipoteuliwa kuwania tuzo ya BET ya Marekani, baadhi ya Watanzania walikusanya saini mtandaoni wakitaka aondolewe. Walisema aliunga mkono utawala wa Rais Magufuli, utawala ambao kwao uliminya haki za watu. Wengine wakamtetea wakisema ni mtoto wa nyumbani. Tuzo ilikwenda kwa Burna Boy wa Nigeria. Unaweza kukubaliana na waliokusanya saini au usikubaliane nao. Lakini sababu waliitaja, na unaweza kuijibu. Wengine waliojiunga na msafara ule wangetaka ashindwe hata kama yangekuwa mashindano ya kupika ubwabwa, na hao ndio walioharibu hoja ya wenzao.

Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomtisha anayemnyanyasa mwenzake mtandaoni kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Akina mama wengi hawaijui. Sisi hatuitegemei sana, kwani imelalamikiwa pia kwamba huwakamata wakosoaji wenye sababu zao. Tunaitaja ili mzazi ajue kwamba maneno ya binti yake yana gharama.

Na msidhani maarufu ni wasanii tu. Katika kila kikundi cha akina mama yupo anayependwa: anasema vizuri, anapika vizuri, padre au mchungaji humtaja kwa jina. Katika kikundi kimoja tunachokifahamu, mwenyekiti alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwenzao alilazwa akisubiri upasuaji, na mchango ukapita kwenye kundi la WhatsApp. Mwenyekiti akapendekeza fedha zipelekwe Alhamisi. Mmoja akasema kwa nini Alhamisi. Mwingine akasema kwa nini yeye ndiye apeleke kila siku. Mwingine akataka stakabadhi kwanza, jambo la haki kabisa, ila hakuwahi kuitaka kwa mwenyekiti aliyetangulia, ambaye hakuwa akipendwa na mtu. Ujumbe ulifika mia na kitu. Fedha zilimfikia mgonjwa siku ya kumi na moja, naye siku zote hizo alikuwemo kwenye kundi, anasoma kila neno akiwa kitandani.

Mtume Paulo alikutana na jambo hili Korintho. Waumini walikuwa na timu: hawa wa kwake, hawa wa Apolo, hawa wa Kefa. Apolo alikuwa msemaji hodari, na Paulo hakuonyesha wivu wala hakuwashukuru waliojiita wa kwake. Wanaopenda wanaweza kuisoma habari hiyo katika sura tatu za kwanza za waraka wa kwanza. Sisi kinachotugusa ni kwamba waliomshabikia Paulo nao walikemewa.

MAMA WA GEREZANI NA BINTIYE

Wasomaji wengine watauliza, basi tufanye nini na watoto wetu? Kunyang'anya simu tumeona hakusaidii sana. Mtoto ataazima ya rafiki, na sasa atakuwa na watu wawili wa kuwapinga, msanii na mama yake.

Mama mmoja wa Gerezani, mwuza vitenge Mtaa wa Kongo, alituambia alivyofanya. Aligundua kwamba bintiye wa kidato cha tatu ana akaunti ya kumtukana mwimbaji mmoja wa kike anayevuma, na kwamba wanaoifuata ni wengi kuliko waumini wa parokia yao. Hakupiga kelele. Alimwambia yale ya mipasho, jinsi mabibi walivyosimama na noti mkononi. Kisha akampa sharti moja kwa mwezi mmoja: andika unalotaka, mpinge unayetaka, lakini kwa jina lako la ubatizo na la baba yako, na picha yako ya sare ya shule. Binti akalia siku mbili. Akasema atachekwa. Mama akamwambia, "Ndiyo maana yake, mwanangu." Siku ya tatu binti akakubali.

Wiki ya kwanza hakuandika chochote. Wiki ya pili aliandika mara moja, akafuta. Wiki ya tatu aliandika kwamba wimbo mpya wa yule mwimbaji umechukua mdundo wa wimbo mwingine wa zamani, akautaja. Mshabiki mmoja akambishia kwa adabu, wakaenda hivyo kwa muda, na hakuna aliyetaja tumbo la mtu wala rangi ya mtu. Waliomfuata walipungua sana, na hilo lilimuuma binti, mama hafichi.

Hata sasa binti hampendi mwimbaji huyo. Wakati tunaandika makala hii mama alitupigia simu kuagiza dawa ya minyoo ya wadogo zake, akatuambia kwamba jana yake wakati wa chakula cha usiku binti alimweleza baba yake kwa robo saa nzima kwa nini wimbo ule ni mbaya. Baba, ambaye kumbe ni mshabiki na hakuna aliyejua, akamjibu hoja kwa hoja. Ugali ulipoa, mama akaurudisha jikoni.